Tawi lililogeuka kuwa baa

Kifaransa chetu cha kila siku kina bouchon mbili: kizibo cha chupa na msongamano wa magari. Mjini Lyon, Ufaransa, kuna ya tatu: nyumba ndogo ya kula na kunywa divai. Ukiuliza asili ya jina hilo, mara nyingi utaambiwa kwamba farasi wa wasafiri walisuguliwa hapo kwa majani makavu, kazi iitwayo bouchonner. Hadithi tamu, lakini mimi siifuati. Bouchon hiyo ni kicha cha majani au matawi kilichotundikwa mlangoni kwa muuza divai, ili hata asiyejua kusoma atambue kuwa ndani kuna kinywaji. Jina likahama kutoka kwenye alama hadi kwenye nyumba. Kizibo nacho ni ndugu yake, maana fundo la majani liliweza pia kuziba tundu.

London ilikuwa na desturi kama hiyo: mti wenye majani ulichomoza juu ya barabara mbele ya nyumba ya pombe. Ilizidi hata mwaka 1375 jiji likaamuru usipite futi 7.

Huko Austria desturi ingali hai. Tarehe 17 Agosti 1784, Kaisari Joseph II aliruhusu watu kuuza divai waliyoitengeneza wenyewe, wakati wowote wa mwaka na kwa bei waitakayo. Tangu hapo mkulima wa mizabibu huko Vienna hutundika matawi ya msonobari nje: leo tunauza. Akiyaondoa, usipige hodi. Nyumba hiyo huitwa Buschenschank, yaani mahali pa kuuzia kinywaji penye kicha cha matawi. Jina lake la pili, Heuriger, lina maana ya "cha mwaka huu". Kwanza lilitaja divai yenyewe, na hadi leo, kila 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, divai mpya hulirithi na ile ya mwaka uliopita huitwa ya zamani.

Kwa hiyo Lyon alama iliipa nyumba jina, Vienna kinywaji. Wanafunzi wenzangu wanaodhani mambo haya ni ya Wazungu tu, watazame nganda. Katika Kilingala ilikuwa kambi ya wavuvi kando ya mto. Leo ni mahali tunapoagizia bia na samaki, hata pasipo na mto.