Kapsuli Yenye Dawa Mbili kwa Tumbo Lisilotulia

Yako maradhi ya tumbo ambayo vipimo vya choo na damu, na hata kamera ya utumbo, havionyeshi kidonda wala mdudu, ilhali mgonjwa husokotwa na tumbo kila wiki, hujaa gesi, na choo chake huwa mara kigumu, mara cha kuharisha. Chanzo chake kimoja ni mawasiliano yaliyovurugika baina ya ubongo na mishipa ya fahamu ya utumbo, ndiyo maana wasiwasi huyazidisha maumivu.

Kwa wagonjwa hao kampuni ya Roche ilitengeneza, katika miaka ya 1960, kapsuli iitwayo Librax, yenye miligramu 5 za klodiazepoksidi na miligramu 2.5 za klidiniamu. Ya kwanza, iliyogunduliwa na mwanakemia Leo Sternbach, huutuliza ubongo. Ya pili huizuia asetilikolini, yaani kemikali inayoiamuru misuli ya utumbo ijikaze, na hivyo msokoto hulegea. Ushahidi wa manufaa yake, hata hivyo, ni haba, na maelezo rasmi ya dawa hiyo nchini Marekani yanasema tu kuwa huenda ikafaa kama tiba ya nyongeza.

Kisiwani Unguja utambuzi wa ugonjwa ndio unaopaswa kutangulia, kwa kuwa minyoo na amiba huleta maumivu yanayofanana na hayo, na dawa ya kulegeza utumbo huweza kuficha ugonjwa unaotaka tiba nyingine kabisa. Mkaazi wa Mji Mkongwe apimwe kwanza choo, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja au katika kituo kilicho karibu naye. Na anayetokwa na damu au anayekonda bila sababu asiridhike na kapsuli ya kutuliza.

Jambo lisilotajwa vya kutosha ni joto. Klidiniamu hupunguza jasho, na mwili usiotoka jasho wakati wa kaskazi hushindwa kujipoza, hatari inayomkabili hasa mvuvi, mkulima wa mwani wa Paje na mchukuzi wa bandari ya Malindi. Aidha, dawa hii haimfai mwenye presha ya macho wala mwenye tezi dume iliyovimba hadi kuziba mkojo. Haichanganywi na pombe wala tramadoli, kwani pumzi huweza kufifia. Na kwa kuwa klodiazepoksidi hujenga utegemezi, aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kupatwa na degedege. Kwa kawaida humezwa kabla ya kula na wakati wa kulala, hivyo anayefunga Ramadhani apangiwe na daktari wake saa za dozi baina ya futari na daku, wala asijilimbikizie mwenyewe dozi za mchana kwa mkupuo.