Mboni Ikiwa Nyeupe, Usisubiri: Mpeleke Mtoto Hospitali

Wazazi na walezi wa Tiwi wanahimizwa kumpeleka hospitali mara moja mtoto ambaye mboni yake inaonekana nyeupe, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi, au aliyeanza kuwa na makengeza. Huenda ikawa retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5.

Mtoto anaweza kuanzia Kituo cha Macho cha Kwale, kilichoko hapa Tiwi. Saratani ikishukiwa, hupewa rufaa hadi hospitali kubwa. Wakati mwingine jicho hutolewa ili kuokoa maisha.

Familia nyingi hujiuliza kwa nini vipimo huendelea hata baada ya jicho kutolewa. Sababu ni kwamba saratani hii inaweza kusambaa hadi kwenye uboho wa mifupa. Maabara zenye uwezo huo hutumia kingamwili inayonasa protini iitwayo CRX, iliyotambuliwa mwaka 1997. Protini hiyo huongoza jeni za seli za retina zinazopokea mwanga, na kwa kawaida haipatikani kwenye uboho. Kingamwili ikiinasa, seli hupakwa rangi na kuonekana kwa hadubini. Zikionekana kwenye uboho, saratani imesambaa na matibabu huongezwa.

Ugonjwa huu hautibiwi kwa matone wala dawa za kienyeji. Ukigunduliwa ungali ndani ya jicho, watoto wengi hupona. Ukiwa na shaka, muone mhamasishaji wa afya ya jamii kijijini kwako.