Maji ya Paa Ndani ya Bomba la Majitaka: Kwa Nini Uchafu Hufurika Msimu wa Mvua

Mvua kubwa inaponyesha mjini Meru, kuna jambo ambalo wakazi wa mitaa ya mabondeni wanalijua vyema. Kifuniko cha shimo la majitaka, lile ambalo wengi wetu huliita manholi, huanza kutikisika. Maji meusi hutoka pembeni, kisha kifuniko husukumwa kando na uchafu wa choo hutiririka barabarani hadi mlangoni mwa watu. Mvua ikikatika, kila mtu huuliza: bomba limeziba wapi?

Wakati mwingine ni kweli limeziba. Lakini likifurika kila mvua inaponyesha na kutulia jua linapowaka, tatizo huwa ni jingine. Bomba limejazwa maji ya mvua ambayo hayakupaswa kuwa humo.

Njia mbili, kazi mbili

Miji yetu ya Kenya hupangwa kuwa na njia mbili za maji machafu. Mtaro wa kando ya barabara hubeba maji ya mvua hadi mtoni. Bomba la majitaka hubeba maji ya choo, bafu na jikoni hadi kwenye mtambo wa kusafishia. Njia hizi mbili hazifai kukutana.

Miji mingi mikongwe ya Ulaya na Marekani ilijengwa kwa njia tofauti: bomba moja kwa yote mawili. London ni mfano unaojulikana sana. Mvua ikizidi, mabomba yake ya zamani humwaga majitaka katika Mto Thames. Ili kupunguza hali hiyo, imelazimu jiji hilo kuchimbiwa njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 25, kwa gharama ya zaidi ya pauni bilioni 4. Njia hiyo ilikamilika mwaka wa 2025.

Sisi hatukuachiwa mabomba ya aina hiyo. Tatizo hili tunajiletea wenyewe, ploti moja baada ya nyingine. Fundi anayejenga nyumba ya kupangisha hukosa mahali pa kupeleka maji ya paa, akaelekeza bomba la gata kwenye manholi iliyo karibu. Mwingine hutandaza zege uani kote, na manholi ikawa ndiyo sehemu ya chini kabisa. Ua ukijaa maji, mpangaji huinua kifuniko ili yapungue haraka. Kwingine kifuniko kimeibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na shimo limebaki wazi. Na pale ambapo mtaro wa barabara umejaa takataka au haupo kabisa, maji hutafuta tundu lolote la kuingilia.

Hesabu ya paa moja

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba, hutoa lita moja ya maji. Chukua paa la mita 10 kwa mita 10. Mvua ya milimita 30, ambayo kwetu inaweza kunyesha jioni moja tu, hutoa lita 3,000 kutoka kwa paa hilo.

Sasa linganisha na majitaka ya nyumba. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 60 kwa siku, hutoa lita 300. Maana yake ni kwamba paa moja lililounganishwa na bomba la majitaka humwaga jioni moja kiasi ambacho familia hiyo ingemwaga kwa siku kumi. Mapaa 20 ya aina hiyo katika mtaa mmoja ni lita 60,000, na zote zinakimbilia bomba ambalo mara nyingi upana wake hauzidi sana shubiri moja.

Mji wetu umejengwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kwa hivyo maji hayo hushuka kwa kasi. Aliyeunganisha gata yake kule juu haoni shida yoyote, kwani ua wake umekauka vizuri. Shida huibuka kwa jirani wa chini, ambaye huenda hana hata gata. Mvua ikiisha, udongo mwekundu na mchanga ulioingia pamoja na maji hutuama ndani ya bomba. Hapo ndipo bomba huziba kweli, na kufurika hata siku za kiangazi.

Uchafu huo huishia wapi

Sehemu yake hubaki vichochoroni, ambako watoto hucheza na akina mama huanika nguo na kuuza mboga. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara na minyoo huenea kwa njia hiyo. Hata maji ya mfereji huweza kuingia hatarini: mgao unapokatwa na bomba la maji safi likiwa na ufa, majitaka yaliyolizunguka hupenya ndani.

Sehemu nyingine huingia Mto Kathita, unaopita hapa mjini na kuteremka kupitia Tharaka hadi Mto Tana. Huko chini kuna watu wanaonywesha mifugo na kumwagilia mboga kwa maji hayo hayo, na baadhi ya mboga hizo hurudi sokoni kwetu. Majirani zetu wa mji wa Embu wana jukumu kama letu kwa Mto Rupingazi, ambao nao maji yake huishia Tana.

Mtambo wa kusafishia nao huumia. Miji mingi nchini husafisha majitaka kwa mabwawa, ambamo bakteria na mwanga wa jua hufanya kazi kwa siku kadhaa. Maji ya mvua yakiingia kwa wingi, huyasukuma majitaka nje kabla ya siku hizo kutimia.

Ni kazi ya nani?

Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi mbili kwa pamoja: mifumo ya maji ya mvua katika maeneo ya mijini, na huduma za maji na usafi. Kwa hivyo mwananchi ana haki ya kuuliza kama mtaro wa barabara yake umezibuliwa kabla ya mvua, kama barabara mpya imejengwa na mtaro, na kama ramani ya jengo iliyopitishwa inaonyesha maji ya paa yatakapoelekea. Mtu asiye na mtaro karibu yake hawezi kulaumiwa peke yake kwa kutumia manholi.

Mabomba ya majitaka ya mji yako chini ya kampuni ya MEWASS kwa Meru, na EWASCO kwa Embu. Lakini ndani ya lango lako, gata na ua ni jukumu lako mwenye ploti. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huhesabu majitaka yanayohatarisha afya kuwa kero, na afisa wa afya anaweza kumwagiza mhusika kuyaondoa.

Unachoweza kufanya kabla ya mvua

• Mwombe mtu amwage ndoo mbili za maji kwenye gata huku ukitazama yanatokea wapi. Yasipoonekana mtaroni wala uani, huenda yanaingia kwenye bomba la majitaka. Mwite fundi ayatenganishe.

• Weka tangi. Zile lita 3,000 za jioni moja zitakufaa mwezi wa Januari, mgao wa maji unapopungua. Maji yanayozidi yaelekeze mtaroni au kwenye migomba, mbali na msingi wa nyumba.

• Inua mdomo wa manholi ya uani uwe juu kidogo ya zege, ili maji ya ua yasiingie.

• Usiinue kifuniko ili kutoa maji ya mvua, na kamwe usiingie ndani ya manholi. Hewa yake yenye sumu inaweza kuua kwa muda mfupi.

• Usitupe nepi, pedi, matambara wala mafuta ya kupikia chooni au kwenye sinki.

• Ukiona kifuniko kimeibwa, manholi inafurika au mtaro umeziba, toa taarifa kwa kampuni ya maji, ofisi ya wodi au afisa wa afya ya umma. Taja mahali hasa, na useme kama hutokea wakati wa mvua pekee au hata wakati wa jua. Maelezo hayo huwasaidia mafundi kujua kama watafute kizibo au gata zilizounganishwa.

Mvua za Oktoba hadi Desemba ndizo kubwa hapa Meru. Gata inayotenganishwa mwezi wa Septemba ni kazi ya fundi ya siku moja au mbili. Ikingoja hadi Novemba, jirani wa chini atakuwa anachota majitaka sebuleni.