Motere ya nguvu toka bloku ya okazyo: inaweza nini, haiwezi nini

Mchimbaji akitoka kariere na kuingia Kisangani, hakuji kila mara kwa kuuza tu. Mara mingi anakuja pia na motopompa imefungwa nyuma ya pikipiki, imejaa matope, haishiki tena. Anaiweka chini mbele ya fundi na kusema maneno tunayosikia sana katika karakana za Mangobo na Kabondo:

— Papa fundi, bloku ingali mzima. Utufanyie motere ya nguvu. Maji imetushinda.

Fundi mwenye akili hakamati ufunguo kwanza. Anauliza:

— Nguvu ya kufanya nini, mwanangu? Shimo yenu iko na metre ngapi?

Tunataka kuzungumza juu ya swali hilo, kwa sababu pesa ya motere inatoka katika jasho ya ekipe nzima. Na tena, motere yenye nguvu ikiwekwa pahali pabaya inaua watu.

Kuangalia bloku mbele ya kulipa

Motere nyingi za motopompa ni Honda GX160, ao zile za China zilizofuata mfano wake, zinazoitwa 168F. Bloku yake ni ya aliminiamu, lakini ndani kuna shemizi ya chuma ambamo pistoni inapanda na kushuka. Shemizi mpya iko na upana wa milimeta 68.

Usinunue bloku ya okazyo kwa kuangalia rangi. Pitisha ukucha ndani ya shemizi: ukucha ukikwama kwenye mchubuko, hiyo shemizi imeumia. Fundi apime juu, katikati na chini, kisha apime tena kwa kukingama, juu shemizi iliyochoka haiko tena duara kamili. Angalia miguu ya bloku na matundu ya bulo: ufa mdogo uliofichwa na gundi ya chuma utafunguka tena siku motere inapata mzigo. Mwisho, angalia vilibreke, kile chuma chenye kiwiko kinachogeuzwa na pistoni. Katika motere hizi ndogo biele nayo ni ya aliminiamu na haina kusine. Inazunguka moja kwa moja juu ya kiwiko. Kiwiko kikichubuka, biele mpya haitaishi siku nyingi.

Kupanua ao kurefusha?

Kuna njia mbili za kuongeza ukubwa wa motere. Ya kwanza ni kupanua: turneri anakwangua shemizi na kuweka pistoni kubwa zaidi kidogo. Pistoni za kupanulia zinauzwa kwa hatua ya milimeta 0.25, 0.50 na 0.75. Tulifanya hesabu. Motere ya GX160 iko na santimeta kyubi 163. Ukipanua paka mwisho, milimeta 68.75, unafika 167. Umepata 4 tu. Kwa hiyo kupanua ni dawa ya shemizi iliyochoka. Mtu akikuuzia kazi hiyo kama nguvu mpya, anakudanganya.

Njia ya pili ni kurefusha safari ya pistoni. Ndani ya GX160 pistoni inasafiri milimeta 45 toka chini paka juu. Ndani ya ndugu yake GX200, upana ni ule ule wa milimeta 68, lakini safari ni milimeta 54. Kwa hizo milimeta 9 tu, motere inatoka 163 na kufika 196. Ndiyo maana moja iliandikwa farasi 5.5 na ingine farasi 6.5. Huko Marekani, vijana wanaoshindanisha vigari vidogo wanafanya kazi hiyo hiyo juu ya motere hizi: vilibreke yenye kiwiko kirefu ndani ya bloku ya zamani.

Lakini si vilibreke peke yake inabadilika. Kiwiko kikirefuka, pistoni inashuka milimeta 4.5 zaidi, na inapanda pia milimeta 4.5 zaidi. Ukiacha biele na pistoni za zamani, pistoni itagonga kulasi. Vilibreke, biele na pistoni lazima zitoke katika familia moja, tena zipimwe ndani ya bloku ile yenyewe. Mbele ya kufunga, fundi azungushe motere kwa mkono, polepole, mizunguko mizima kadhaa, akiangalia kama biele haigusi ukuta wa bloku wala kam. Pale inapogusa, anapunguza bloku kwa lima, na kisha anaosha kila kitu, juu unga wa aliminiamu ukibaki ndani utakula motere mpya katika siku chache.

Bei ya hiyo nguvu

Nguvu haikuji bure. Motere ya pompa inazunguka karibu mara 3,600 kwa dakika. Kwa safari fupi, pistoni inatembea metre 324 kila dakika. Kwa safari ndefu inatembea karibu metre 389. Segma zinakwanguka mbio zaidi, na biele inavutwa kwa nguvu zaidi.

Ndiyo maana tunaomba vijana: musitoe regilateri. Wengine wanaifunga na waya ili motere ilie zaidi. Regilateri ndiyo inazuia mzunguko kupita kipimo. Ikitolewa, biele ya aliminiamu inaweza kukatika na kutoboa bloku, na vola inaweza kupasuka na kurusha vipande kwa mtu aliye karibu.

Angalia pia esansi. Safari ikirefuka na kulasi ikabaki ya zamani, hewa inabanwa zaidi. Esansi ya Kadhafi wa barabarani ikichanganywa na petroli ya taa, motere itaanza kugonga kama nyundo. Ukisikia hivyo, zima.

Na mafuta: motere hizi hazina pompa ya mafuta. Kijiko kidogo chini ya biele ndicho kinarusha mafuta juu. Ndani munaingia litre 0.6 tu. Motere ikikaa upande juu ya udongo uliolegea, kijiko hakifikii mafuta. Iweke sawasawa juu ya mbao. Kisha kutengeneza upya, badilisha mafuta ya kwanza kisha saa 20 za kazi, halafu kila saa 100.

Maji hayavutwi na farasi

Sasa turudi kwa swali la fundi: shimo iko na metre ngapi?

Bakreseri wengi wanafikiri motere kubwa itavuta maji toka mbali zaidi. Hapana. Pompa iliyo juu haivuti maji. Inatoa hewa ndani ya tiyo, na uzito wa hewa ya inje ndio unasukuma maji kupanda. Kando ya bahari, hewa inaweza kupandisha maji karibu metre 10, si zaidi. Kisangani iko karibu metre 400 juu ya bahari, basi hata 10 haifiki. Ukihesabu tena makona ya tiyo na matundu madogo yanayoingiza hewa, unabaki na metre 7 hivi, toka uso wa maji paka pompa. Weka farasi 6, weka farasi 100: ni zile zile 7.

Nguvu inasaidia pale pompa inasukuma maji kupanda mbele yake, ao kama motere ya zamani ilikuwa inalemewa, ao kama munataka kubadilisha pompa ya tiyo ya milimeta 50 na kuweka ya 80. Lakini kama motere ya 163 ilikuwa inafika mzunguko wake bila shida, ile ya 196 itazungusha pompa ile ile kwa mwendo ule ule, na maji yatakuwa yale yale. Mutakuwa mumelipa bure.

Motere isishuke shimoni

Hapo ndipo hatari kubwa inaanza. Shimo ikipita metre 7, mtu anasema: basi tuteremshe motere chini, karibu na maji. Ndugu zetu, musifanye hivyo. Moshi wa motere ya esansi uko na gazi ya monokside ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Mtu anasikia kichwa kuuma, magoti yanalegea, anaanguka. Mwenzake anashuka kumuokoa, naye anaanguka juu yake. Motere ya 196 inatoa moshi mwingi kuliko ya 163.

Mtu akianguka, zimeni motere, musishuke, ingizeni hewa toka juu, na mumtoe kwa kamba kama alishuka amefungwa. Kwa hiyo kila anayeshuka afungwe kamba, kila siku.

Kwa shimo ndefu, afadhali kikundi kikusanye pesa kwa pompa ya umeme ya kuzama. Hiyo inakaa ndani ya maji na kusukuma toka chini, wakati gurupu inabaki juu, mbali na mdomo wa shimo, upande ambao upepo hauleti moshi. Waya wake usiwe na kidonda hata kimoja. Kama muna mashaka, muulize agenti wa SAEMAPE mbele ya kuchimba zaidi.

Na mama mwenye kushika pesa ya nyumba, bwana akirudi toka kariere na kuomba franka za motere ya nguvu, umuulize vile fundi anauliza: nguvu ya kufanya nini? Akijibu kwamba shimo ni ya metre 5 na motere ya zamani inalemewa, mpatie. Akijibu kwamba shimo imefika 12, mwambie motere si dawa.