Fahamu Namna Balbu Zinavyogawana Umeme Nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Balbu ya sebuleni ikiungua, ya jikoni huendelea kuwaka. Wananchi wengi wamelizoea jambo hilo bila kujiuliza sababu yake, ilhali ndani yake mna elimu inayoweza kuokoa nyumba na moto.

Balbu huweza kuunganishwa kwa njia mbili. Katika sakiti mfuatano, mkondo mmoja wa umeme hupita balbu ya kwanza, kisha ya pili, nazo hugawana volteji iliyopo. Moja ikiungua, njia hukatika na zote huzimika. Katika sakiti sambamba, kila balbu ina njia yake na hupata volteji kamili. Nyumba zetu hutandazwa nyaya kwa njia hii ya pili.

Tuchukue mfano wa balbu mbili za uzi, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 100, zilizotengenezwa kwa volti 230. Zikiunganishwa sambamba, kila moja hutumia wati zake, jumla wati 160, na ile ya wati 100 ndiyo hung'aa zaidi.

Zikiunganishwa kwa mfuatano, mambo hugeuka. Balbu ya wati 60 ina ukinzani mkubwa zaidi, takriban omu 882, wakati ya wati 100 ina omu 529. Kwa kuwa mkondo unaozipitia ni uleule, yenye ukinzani mkubwa huchukua sehemu kubwa ya volteji. Ikichukuliwa kuwa ukinzani haubadiliki kwa joto, balbu ya wati 60 itatumia takriban wati 23, na ya wati 100 takriban wati 14 tu. Balbu ndogo ndiyo itakayong'aa zaidi, ingawa zote zitafifia. Kuziunganisha hivyo hupunguza uniti kwa kupunguza mwanga, hivyo si njia ya kubana matumizi. Balbu za LED, ambazo hutoa mwanga mwingi kwa wati chache, ndizo zinazofaa kwa lengo hilo.

Hata hivyo, sakiti sambamba ina tahadhari yake. Kila kifaa kinachoongezwa huongeza mkondo katika waya mkuu unaovilisha vyote. Birika la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 katika ekstensheni moja huhitaji karibu ampea 14, ilhali plagi yake hubeba ampea 13. Fyuzi inaweza isikatike papo hapo kwa ziada ndogo kama hiyo, na wakati huo waya huendelea kupata joto. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto katika waya huongezeka mara nne.

Kwa sababu hiyo, mwananchi anashauriwa kujumlisha wati za vifaa kabla ya kuvichomeka pamoja, na kutozidisha wati 2,900 katika ekstensheni ya ampea 13, au kiwango cha chini zaidi kilichoandikwa juu yake. Aidha, asibadilishe fyuzi iliyoungua kwa kipande cha waya, wala asipuuze plagi yenye joto au harufu ya kuungua.

Kazi ya kutandaza nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni. Fyuzi inayokatika mara kwa mara inatoa onyo. Chanzo chake kitafutwe kabla ya kuweka nyingine.