Istilahi za Nguo Ipitishayo Umeme

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilipotoka mwaka 1990, grafini ilikuwa bado haijatengwa. Kazi hiyo ilifanywa mjini Manchester na Andre Geim na Konstantin Novoselov, waliotangaza matokeo yao mwaka 2004 na kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010. Malighafi yao ilikuwa grafaiti, kitu kilichomo ndani ya kalamu ya risasi (ambayo, licha ya jina lake, haina risasi hata chembe). Grafini ni tabaka moja tu la atomu za kaboni katika grafaiti hiyo.

Polima ipitishayo umeme ni ya zamani zaidi. Mwaka 1977 Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walionyesha kwamba poliasetilini ikitiwa iodini hupitisha umeme kwa wingi. Hata hivyo kifungu "nguo iliyopakwa polima" hakitoshelezi, kwani pamba yenyewe ni polima, nayo haipitishi umeme. Sharti sifa ya kupitisha itajwe.

Majina, basi, yatakopwa, na hilo halina ubishi mkubwa. Penye utajiri ni vitenzi. Kitambaa kikilowekwa katika pirole pamoja na kemikali ya kuioksidisha, polima huundika papo hapo juu ya kila uzi. Hapa "kupaka" hakufai, maana huleta picha ya mkono unaosambaza kitu kilichokwisha kuwa tayari; "kutia", kama katika kutia rangi, kunakaribia zaidi. Kwa grafini mambo ni mengine. Kwa kuwa haichanganyiki vyema na maji, watafiti wengi hutumia oksidi yake. Nguo huchovywa, hukaushwa, huchovywa tena, na hadi hapo bado haipitishi umeme wa maana. Ni lazima oksijeni iondolewe kwa joto au kwa kemikali. Kuiita hatua hiyo "kupunguza", kwa kuandama Kiingereza, ni kumpoteza msomaji: akisoma "grafini iliyopunguzwa" atadhani kiasi chake kimekuwa kidogo. "Kuondolea oksijeni" ni kurefu, lakini ni kweli.

Mtihani mgumu wa nguo hizi ni kufuliwa. Ukinzani wake hupanda, na kwa sababu zisizofanana. Pengine utando hupasuka na kubanduka kwa kukunjwa na kusuguliwa. Pengine utando hubaki palepale, mweusi kama awali, ila sabuni yenye alikali imeinyang'anya polima chaji iliyoiwezesha kupitisha umeme. Wafuaji husema nguo imechuja rangi inapofifia bila kuchanika. Hii nayo yaweza kusemwa imechuja umeme. Anayeandika "kuharibika" kwa hali zote mbili huficha jambo lenyewe linalochunguzwa, kwa maana kubanduka huzuiwa kwa kuugandisha utando vizuri zaidi kwenye uzi, na kuchuja huzuiwa kwa kuchagua ioni isiyotoka upesi majini.