Taya Yako Inapiga Shifti ya Usiku

Msee akisaga meno usiku, mtaani jibu ni moja tu: "Huyo ako na minyoo." Anameza dawa ya minyoo, na asubuhi taya bado imekaza. Maze, hiyo stori tuiache. Watoi wengi husaga na wanaachanga wenyewe. Ya wasee wakubwa mara mingi inatoka kwa kichwa, na kwa vitu tunaweka mdomoni.

Bana meno saa hii, alafu guza shavu. Huo msuli unavimba hapo unaitwa maseta, na ndio unakutafunia mahindi choma. Ukilala akili ikipiga hesabu ya rent na loni ya simu, usingizi inakatika-katika bila wewe kujua, na maseta inabana. Unaamka panja zinagonga, sikio inauma na haina shida, maji baridi inakupiga jino mpaka machozi. Na ile ganda ngumu ya juu ya jino ikishasagika, haimei tena. Hapo ndio roho inaniuma, juu wasee wanakuja kushtuka jino ikishapasuka.

Wasee wa jaba, nawapenda, so niskizeni. Veve na muguka ziko na kathinoni, hiyo ndio inakuweka macho. Umekaa base mpaka usiku, ukifika keja mdomo iko tupu na taya bado inatafuna. Kahawa ya jioni, fegi na keroro pia zinaongeza. Kuna dawa za depresheni zinaeza leta hii kitu, lakini usiziache kienyeji, rudia daktari mwenye alikuandikia. Na kama unakoroma alafu pumzi inakatika, hiyo pia isemwe.

Mchana unaeza jishika. Uko kwa mat, jam ya Jogoo Road imesimama, cheki kama meno zinagusana. Kama hudishi, hazifai kugusana: lips zifunge, meno ziachane, taya ilegee.

Usiku ndio inataka daktari wa meno. Anapima shepu ya mdomo, anakutengenezea kaplastiki kagumu ka kuvaa ukilala. Haiondoi stress, inazuia tu meno zisimalizane. Na ukiulizwa kama unatafuna jaba, sema ukweli. Hajakuja kukushika, anataka kujua ni nini inakula hizo meno.